Ukumbi ni wa Nani? Hoteli za Serikali na Mahali pa Wananchi Kukutana

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kitengela na Kajiado

 

Mazungumzo ya leo yanaanza na neno ambalo kila mkazi wa Kitengela hulitamka kila siku: hoteli. Katika Kiswahili cha Kenya, hoteli si lazima iwe nyumba yenye vitanda. Mtu akisema "twende hoteli", mara nyingi ana maana ya chai na chapati, au ugali na nyama. Kibanda cha mabati chenye benchi mbili ni hoteli, na jumba la ghorofa kando ya barabara ya Namanga nalo ni hoteli.

Wala watu hawaendi hotelini kwa njaa pekee. Hapo ndipo bei ya ng'ombe hupatanwa, fundi hulipwa malipo ya kwanza, na ndugu waliogombania mpaka wa ploti huketishwa na mzee anayeheshimiwa. Chama cha akina mama kikikosa mahali pa kukutana, huenda hotelini, kila mtu akaagiza soda ili mwenye hoteli asinung'unike.

Hilo la soda ndilo kiini cha mazungumzo haya. Anayekutana katika nyumba ya mtu binafsi lazima anunue kitu ndipo akae. Je, mwananchi asiye na pesa ya soda akutane wapi na wenzake kuzungumza mambo ya mtaa wake? Kuna wakati Serikali ya Kenya, pamoja na serikali za nchi jirani, ilijaribu kujibu swali hilo kwa zege na mawe, pengine bila kujua kwamba inalijibu. Ilijenga hoteli. Habari za hoteli hizo, kuinuka kwake na kufifia kwake, zina mafunzo kwa kaunti inayokua kwa kasi kama Kajiado.

Kwa nini Serikali ilijenga hoteli

Kabla ya Uhuru, hoteli za maana nchini zilikuwa za walowezi, wasafiri wa Ulaya na maafisa wa ukoloni. Kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, Mwafrika aliingia nyingi kati ya hizo kwa mlango wa nyuma, kama mpishi, mfuaji au mbeba mizigo. Kuketi sebuleni na kuagiza chai kama mtu mwingine yeyote halikuwa jambo dogo. Lilihusu heshima ya mtu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Serikali ilikuwa na haja mbili. Ilitaka fedha za kigeni kutokana na watalii, na ilitaka Waafrika wawe na sehemu katika biashara ambayo walikuwa wamefungiwa nje. Mwaka 1965 Bunge liliunda Shirika la Maendeleo ya Utalii la Kenya, lililojulikana kwa herufi KTDC. Shirika hilo lilinunua hisa katika hoteli kubwa na kukopesha wafanyabiashara. Kupitia kampuni zilizokuwa chini yake, kama African Tours and Hotels, liliendesha hoteli katika sehemu mbalimbali za nchi. Hoteli ya Hilton ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilikuwa na hisa za Serikali ndani yake. Mwaka 1975 Chuo cha Utalii kilifunguliwa kwa msaada wa Uswisi, na vijana kutoka kila pembe ya nchi wakaanza kufundishwa upishi, mapokezi na usimamizi.

Nairobi na Mombasa hazikukosa wawekezaji. Shida ilikuwa miji ya mikoani. Mfanyabiashara akipiga hesabu ya wageni watakaolala Kabarnet au Kakamega katikati ya wiki, aliona hasara. Ndiyo maana mtaji wa umma ukaingia katika Hoteli ya Sunset kule Kisumu, Golf Hotel kule Kakamega na Hoteli ya Kabarnet kule Baringo.

Jambo hili halikuwa la Kenya peke yake. Uganda ilikuwa na hoteli za umma katika karibu kila mji mkubwa wa mkoani: Acholi Inn mjini Gulu, Mount Elgon mjini Mbale, White Horse Inn mjini Kabale, Rock Hotel mjini Tororo. Tanzania ilijenga hoteli za mbugani miaka ya 1970, ikiwemo Lobo katika Serengeti. Zanzibar ilijenga Bwawani. Hata Ulaya, baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Yugoslavia ilijenga hoteli za zege na vioo katika miji midogo, na wenyeji wakazitumia kwa harusi na sherehe za wafanyakazi.

Majengo yenyewe

Majengo ya nyakati zile yanatambulika upesi. Mengi ni ya zege iliyoachwa wazi, paa bapa, roshani ndefu, sakafu ya terazo inayong'aa ikipigwa deki, na kuta za matofali yenye matundu yanayopitisha upepo. Hayo matundu na zile roshani hayakuwa mapambo matupu. Roshani pana hukinga dirisha lisipigwe na jua la mchana. Ukuta wenye matundu huingiza hewa bila mashine. Sakafu ya terazo hudumu miaka mingi, na fagio na maji vinatosha kuisafisha. Wasanifu wa wakati ule walikuwa wakijengea nchi yenye jua kali na bili ya umeme ya kuogopwa.

Mwishoni mwa wiki hoteli ya mkoani ilikuwa sebule ya mji. Bwana na bibi harusi walikwenda kupigwa picha kwenye bustani yake. Walimu, wauguzi na wanaushirika walifanyia mikutano yao humo. Baada ya mwaka 1983, Serikali ilipohamishia mipango ya maendeleo wilayani, semina na warsha ziliongezeka, na maafisa kutoka Nairobi wakaanza kukutana na wenyeji katika kumbi hizo. Mtoto aliyepelekwa huko siku ya sikukuu kunywa soda kwa mrija aliona kwamba mji wake nao una mahali pazuri, na kwamba mzazi wake anaruhusiwa kuketi hapo.

Hata hivyo, ukweli usemwe. Sebule hizo hazikuwa za kila mtu. Bei ya chai ilimweka nje mkulima wa kawaida na mchungaji wa mifugo. Aliyefaidi zaidi ni mwenye mshahara. Serikali ilikuwa imeondoa ubao wa "Wazungu peke yao", lakini bei ilibaki mlangoni.

Jirani yetu Bomas

Mfano mkubwa kuliko yote haukuwa hoteli kamili, nao uko karibu sana nasi. Mkazi wa Ongata Rongai anayepanda matatu kwenda mjini anaupita karibu kila siku. Bomas of Kenya iliundwa mwaka 1971 kama kampuni tanzu ya KTDC, shirika lile lile la hoteli. Kusudi lake lilikuwa kuhifadhi ngoma na mila za makabila ya Kenya, kujenga maboma ya mfano, na kumwonyesha mtalii ngoma katika ukumbi mkubwa.

Lakini tazama ukumbi huo ulikuja kufanya kazi gani. Kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004, wajumbe 629 walikaa Bomas kujadili Katiba mpya chini ya uenyekiti wa Profesa Yash Pal Ghai. Miongoni mwao walikuwamo wajumbe waliotumwa na kila wilaya, Kajiado ikiwemo. Humo ndani wakulima, wachungaji, wanasheria, viongozi wa dini na wabunge waliketi katika ukumbi mmoja kwa miezi mingi. Hoja ya kugatua mamlaka na fedha kutoka Nairobi ilipiganiwa humo. Rasimu ya Bomas haikupita moja kwa moja. Rasimu iliyofanyiwa marekebisho ilikataliwa katika kura ya maoni ya Novemba 2005, na Katiba tuliyo nayo ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Lakini ugatuzi, ambao matokeo yake ni serikali za kaunti zilizoanza mwaka 2013, ulipata umbo katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya ngoma za watalii. Baadaye Bomas ikawa kituo cha taifa cha kujumlishia kura za urais mwaka 2013, 2017 na 2022.

Barabara ya Namanga nayo ina shahidi wake upande wa pili wa mpaka. Ukiifuata hadi Arusha, utakuta Makumbusho ya Azimio la Arusha. Jengo hilo lilikuwa ukumbi wa jamii, wala halikuwa la fahari. Hapo ndipo viongozi wa TANU walipokutana Januari 1967 na kupitisha azimio lililobadilisha maisha ya Watanzania wote. Tukiliunga au tukilipinga azimio lenyewe, funzo ni moja: ukumbi wa mtaani ukiwa wazi na ukiwa mzima, hujui utakuja kubeba nini.

Kwa nini zilififia

Hoteli za umma zilianza kudhoofika miaka ya 1980 na 1990. Sababu zake ni tatu, na zote zinatuhusu.

Ya kwanza ni matengenezo. Paa bapa la zege ni zuri likitunzwa. Gata zikiziba kwa majani, maji husimama juu ya paa. Yakisimama, hupenya kidogo kidogo hadi kwenye nondo. Nondo zikishika kutu huvimba, na zege humeguka. Kusafisha gata ni kazi ya siku moja ya kibarua mmoja. Kutengeneza paa lililooza ni mamilioni ya pesa. Lakini kuzindua jengo jipya huvuta kamera, na kusafisha gata hakuna anayekuja kupiga picha. Kwa hiyo fedha za kujenga zilipatikana, na za kutunza zikakosekana.

Ya pili ni usimamizi. Hoteli ya mkoani iliamuliwa mambo yake na bodi iliyokaa Nairobi. Meneja aliyehitaji bomba la maji moto alisubiri kibali. Wakazi wa mji waliiona hoteli ikizeeka, lakini hawakuwa na kiti katika bodi wala njia ya kuuliza maswali.

Ya tatu ni ushindani. Wafanyabiashara binafsi walijenga hoteli zao, zenye televisheni na maegesho, na mteja akahama. Si kosa la mfanyabiashara. Hoteli binafsi zimetoa ajira nyingi, hata hapa Kitengela. Ila mfanyabiashara hakuahidi kumpa mwananchi ukumbi. Aliahidi kuuza chakula na vyumba, na ahadi hiyo anaitimiza.

Baadaye Sunset, Golf Hotel na Kabarnet zikaingizwa katika orodha ya mali ya umma ya kuuzwa. Nalo jumba la KICC la Nairobi, lenye ghorofa 28 na lililofunguliwa mwaka 1973, lilipita mikononi mwa chama cha KANU hadi Serikali ilipolirudisha mwaka 2003. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Yaani mali ya umma haiuzwi kimya kimya, kwa sababu mwenye mali ni mwananchi.

Asiseme mtu kwamba hoteli za serikali lazima zife. Uhispania ilifungua hoteli ya kwanza ya mtandao wa Parador mwaka 1928, nyingi zikiwa ndani ya ngome na nyumba za watawa za kale, na mtandao huo ungali mali ya serikali hadi leo. Tofauti imetokana na kutunza na kusimamia, mwaka baada ya mwaka.

Kajiado yetu

Kajiado haikupata Sunset yake. Utalii wetu ulijengwa porini, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1961 hifadhi ya Amboseli iliwekwa chini ya baraza la wilaya ya Kajiado, na mapato yake yakasaidia huduma za wilaya. Mwaka 1974 ikawa mbuga ya taifa. Hoteli za Amboseli zilimhudumia mgeni wa mbali. Mwenyeji aliingia humo kama mfanyakazi, au mcheza ngoma jioni.

Lakini jamii ya hapa haikuwa ikisubiri zege ili ikutane. Wamaasai walikuwa na enkiguana, mkutano wa wazee, chini ya kivuli cha mti wa oltepesi. Mti huo haukutoza kiingilio. Kila aliyehusika alijua ulipo, na hakuna aliyeweza kuuzungushia ua. Hizo ndizo sifa za ukumbi wa umma: unajulikana, uko wazi, na si mali ya mtu mmoja.

Leo miti imepungua na ua umeongezeka. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,117,840. Kitengela, ambayo wazee bado wanaiita Noonkopir, ilikuwa kituo kidogo cha wafugaji. Viwanda vya eneo la EPZ la Athi River na ardhi iliyogawanywa ploti ploti viliifanya kuwa mji wa watu zaidi ya 150,000. Watu hao wametoka kila kaunti. Wengi hulala Kitengela na kufanya kazi Nairobi, na jirani hamjui jirani. Mji wa namna hiyo ndio wenye haja kubwa zaidi ya mahali pa kukutana, kwa sababu hauna mti mmoja ambao wakazi wote wanaujua.

Nyumba za kupangisha zimejengwa, maduka yamejengwa, hoteli na makanisa vimejengwa. Kilichobaki nyuma ni chumba kikubwa, chenye viti na choo safi, ambacho kikundi cha walemavu, timu ya vijana, wafugaji au wapangaji wanaweza kukaa bila kuagiza soda.

Mambo manne ya kudai

Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, burudani na huduma za umma, pamoja na utalii wa mahali. Kwa hiyo ukumbi ni jambo la kaunti, na mwananchi ana haki ya kulisemea. Historia ya hoteli za serikali inaonyesha mambo manne ya kuuliza kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Kwanza, ardhi. Tume ya Ndung'u iliyotoa ripoti yake mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria kote nchini. Ukumbi usio na hati miliki ni ukumbi wa kupotea. Wakazi waulize: ploti hii imesajiliwa kwa jina la nani?

Pili, matengenezo. Kila pendekezo la kujenga lije na hesabu ya kutunza: mlinzi, maji, umeme, rangi, gata. Kama hesabu hiyo haipo, jengo halijapangwa.

Tatu, usimamizi. Wakazi wa wadi wawe na viti katika kamati ya kuuendesha, vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wakiwemo. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani.

Nne, bei. Harusi na makampuni yalipe, kwa sababu pesa hizo ndizo zitakazopaka rangi. Lakini kuwe na siku na saa ambazo kikundi cha wakazi kinaingia bure. Bei ibandikwe mlangoni, ili anayefungua mlango asiwe ndiye anayeamua bei.

Madai haya yana wakati wake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufikishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Anayesubiri hadi Juni kuomba ukumbi amechelewa, kwa sababu fedha zimekwisha gawanywa. Anayefika katika vikao vya Agosti na Februari, akiwa na majirani kumi na pendekezo lililoandikwa, amefika kwa wakati. Nayo Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi wa miji mabaraza yao ya kuuliza na kupendekeza.

Waliojenga zile hoteli za mikoani waliona mbali kwa jambo moja: kwamba mji mdogo nao unastahili mahali pazuri. Walikosea kwa jambo moja pia: hawakumpa mwenye mji ufunguo. Kajiado ina nafasi ya kushika la kwanza na kurekebisha la pili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye awe na mahali pa kuketi.